Ramani ya Dhana na Haki ya Mtoto

Neno dhana lina sura mbili katika Kiswahili. Katika vinywa vya wazee wetu dhana ni jambo ambalo mtu analidhani: hana yakini nalo, lakini analo moyoni, na aghalabu hulitenda. Ndiyo sababu mtu humwomba mwenzake asimwekee dhana mbaya. Katika vitabu vya shule dhana imepandishwa cheo, ikawa jina la wazo lililokwisha kupimwa na kukubaliwa na wataalamu, kama dhana ya uzito, dhana ya joto au dhana ya nishati. Sura ya kwanza ni mali ya mtu mmoja, na shaka imo ndani yake. Sura ya pili ni mali ya watu wote, na shaka imekwisha kuondolewa. Nataka kusema habari za chombo kimoja cha kufundishia ambacho jina lake, ramani ya dhana, laweza kusomwa kwa sura zote mbili, na kuuliza ni sura ipi impasayo mwalimu wa watoto wadogo. Swali hili laonekana kuwa la lugha, au la ufundi wa darasani tu. Kwa maoni yangu ni swali la haki.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, ramani ya dhana ni mchoro mwepesi. Majina ya mambo huandikwa ndani ya vijiduara: jua, maji, mvuke, wingu, mvua. Jambo lililo pana huwekwa juu, na yaliyo madogo yakawa chini yake. Kisha mistari huchorwa kutoka kijiduara kimoja mpaka kingine, na juu ya kila mstari huandikwa neno moja au machache yasemayo jinsi mambo yale mawili yanavyohusiana: jua hupasha maji, maji hugeuka mvuke, mvuke hufanya wingu. Vijiduara viwili pamoja na neno lililo baina yake hufanya kauli moja kamili, ambayo yaweza kuwa kweli au uongo. Hapo ndipo ramani hii inapoachana na ule mchoro wa buibui ambao walimu wengi huupenda, wenye neno moja katikati na miguu mingi pembeni isiyo na maneno. Mchoro wa buibui husema tu kwamba mambo fulani ni majirani. Ramani ya dhana husema ujirani wao ni wa namna gani, na asemaye hivyo amejifunga kwa kauli yake kama shahidi mbele ya kadhi.

Chombo hiki hakikutungwa kwa ajili ya kufundishia, na habari ya kuzaliwa kwake yafaa kujulikana kuliko ijulikanavyo. Mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye David Ausubel alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963, na tena katika kingine cha mwaka 1968, kwamba mtu hajifunzi jambo jipya kwa maana kamili ila kwa kulifunga na jambo ambalo analijua tayari. Kwa hiyo alimtaka mwalimu atafute kwanza yaliyomo akilini mwa mwanafunzi, ndipo afundishe kwa kuyafuata hayo. Maneno haya ni rahisi kuyakubali na magumu kuyatenda. Joseph Novak, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca ulio jimbo la New York, alitaka kuyajaribu kwa watoto wa madarasa mawili ya mwanzo. Watoto 191 walipewa mafunzo ya sayansi kwa kanda za sauti. Wengine 48 hawakupewa. Wote wakahojiwa mara kwa mara katika miaka yao ya shule, na habari za miaka 12 ya kazi ile zikatolewa na Novak na mwenziwe mwaka 1991. Waliopewa mafunzo wakiwa wadogo walionekana kuwa na mawazo mengi yaliyo sahihi na machache yaliyopotoka kuliko wenzao.

Lakini katikati ya kazi hiyo watafiti walipatwa na taabu. Mazungumzo ya mtoto mmoja yalijaza kurasa nyingi. Mtoto husema jambo, akalikanusha, akarudi nyuma, akasema jingine ambalo ndilo alilokuwa akilitafuta tangu mwanzo. Nani awezaye kusoma marundo ya karatasi kama hizo na kuona kama mawazo ya mtoto yamebadilika baina ya mwaka huu na mwaka ujao? Mwaka 1972 wakapata njia: walichukua maneno ya mtoto mwenyewe, wakayatia katika vijiduara, wakayaunganisha kwa mistari kama mtoto alivyoyaunganisha kwa ulimi wake. Kurasa nyingi zikawa ukurasa mmoja. Basi ramani za kwanza zilichorwa na watu wazima waliokuwa wakisikiliza sauti za watoto. Baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984 pamoja na Bob Gowin, Novak alionyesha jinsi watoto wenyewe, hata wa madarasa ya chini kabisa, wanavyoweza kufundishwa kuchora.

Nimeirefusha habari hii kwa kuwa hoja yangu yote imesimama juu yake. Chombo kilichozaliwa kwa kusikiliza, kikitumiwa kwa kusema tu, kimebadilishwa kazi. Si dhambi kubadilisha kazi ya chombo. Jembe laweza kuwa nanga ya ngalawa siku ya dhiki. Lakini mwenye kubadilisha yampasa ajue alichokipoteza. Mwalimu anayechora ramani nzuri ubaoni na kuwaamuru watoto wainakili madaftarini mwao amewapa picha ya mawazo yake mwenyewe. Huenda ni mawazo sahihi, na huenda picha ni safi kuliko ya kitabuni. Walakini saa ile imepita na hakuna aliyejua watoto walikuwa wakidhani nini, na mtoto ametia sahihi hati ambayo hakuiandika.

Tuchukue jambo moja tulitazame kwa karibu. Mtoto wa miaka 8 au 9 aulizwe mti hupata wapi mwili wake. Aghalabu atachora mstari kutoka mti mpaka udongo na kuandika juu yake: hula. Mti hula udongo. Mtu mzima hucheka. Lakini mtoto ana hoja. Ameona mizizi imeshuka ardhini. Ameona mahindi hunawiri penye udongo mweusi na hudumaa penye mchanga. Amesikia mkulima akisema kwamba shamba limechoka. Kwa ushahidi alio nao, kauli yake ni ya mtu mwenye busara.

Zaidi ya hayo, dhana hiyo ilikuwa ya wanachuoni kwa karne nyingi. Aliyeitikisa ni Jan Baptist van Helmont, mganga wa Brussels, ambaye maandishi yake yalitolewa mwaka 1648, miaka 4 baada ya kufa kwake. Alitia ratili 200 za udongo mkavu ndani ya chungu, akapanda mche wenye uzito wa ratili 5, akaunyweshea maji kwa miaka 5. Alipoupima tena mti ulikuwa na ratili 169 na wakia 3 hivi, na udongo ulipokaushwa ulikuwa umepungua wakia 2 hivi tu. Kwa hesabu hiyo mti haukula udongo. Basi ulikula nini? Van Helmont akajibu kwamba mwili wote wa mti umetokana na maji peke yake. Akakosea.

Ajabu ya kosa hili haijulikani sana, nami naiona kuwa ndiyo sifa kubwa ya ramani ya dhana ingawa aliyekosa hakupata kuiona ramani hiyo. Van Helmont huyo huyo ndiye aliyetunga neno gesi. Katika maandishi hayo hayo alieleza kwamba ratili 62 za mkaa zikiungua huacha majivu ratili 1, na zilizobaki zote hupotea katika hewa kwa umbo la gesi isiyoonekana. Sasa tazama. Katika akili moja mlikuwa na kijiduara cha mti na kijiduara cha gesi. Alijua kwamba mti hugeuka mkaa, na mkaa hugeuka gesi. Alikuwa amebakiza mstari mmoja, wa kurudi kutoka gesi mpaka mti, naye hakuuchora. Ilipasa kungoja hata mwaka 1779, Jan Ingenhousz alipoonyesha kazi ya mwanga katika majani mabichi, na mwaka 1804, Théodore de Saussure alipopima na kuonyesha kwamba mmea hupata kaboni yake katika gesi ya hewani na uzito wake mwingine katika maji. Mstari mmoja ulichukua zaidi ya miaka 150. Haukukosekana kwa upungufu wa maarifa, maana maarifa ya pande zote mbili yalikuwapo mezani kwake.

Novak na wenziwe huiita mistari ya namna hii viungo vya kukingama, kwa kuwa hukatiza kutoka upande mmoja wa ramani mpaka upande mwingine, na huihesabu kuwa yenye thamani kuliko yote. Nakubaliana nao. Mtoto wa Tanga au Mombasa ana bahati ambayo wenzake wa nchi nyingine hawana: anaujua mkaa. Ameuona ukishushwa kwa magunia, ameutia katika seredani, ameona jinsi kikapu kizima kinavyopikia chakula cha siku na kuacha majivu ya kujaza kopo. Mti na mkaa na majivu vyote vimo katika maisha yake ya kila siku, lakini somo la mimea hufundishwa siku moja na somo la moto siku nyingine, wala hakuna amwulizaye: hicho kilichotoka katika kikapu kimekwenda wapi, nacho kilikuwa kimetoka wapi? Mwalimu anayemtazama mtoto akichora ataona vijiduara vile viwili vimekaa mbalimbali bila mstari, kama nyumba mbili za ndugu wasiosemezana. Katika mtihani wa kujaza nafasi pengo hilo halionekani, kwa kuwa kila swali huulizwa peke yake.

Hapa yanipasa kusema neno juu ya lugha yetu, maana sijaona likisemwa. Maneno yaandikwayo juu ya mistari ndiyo roho ya ramani, na Kiswahili kina kitenzi kilichokaa kama kwamba kiliumbwa kwa kazi hiyo. Ni kitenzi cha hu. Hakibebi kiambishi cha mtendaji, hivyo chaweza kukaa peke yake juu ya mstari na kungojea jina lolote: hunywa, huzaa, hutegemea, hugeuka. Mti hunywa, watoto hunywa, jangwa hunywa. Tena hu haisemi habari ya jana wala ya kesho, husema desturi. Mtoto aandikapo kwamba mvua hutoka mawinguni hakusimulia mvua ya Jumatatu. Ametangaza sheria ya mvua zote. Kwa herufi mbili amepanda kutoka hadithi kwenda elimu, na mwalimu ana haki ya kumwuliza kwa upole: siku zote? kila wingu? Mtoto akijibu kwamba kuna mawingu yapitayo bila ya mvua, tayari amekwisha kuanza kufikiri kama mwanachuoni.

Neno lenye hatari ni ni. Ni fupi, ni rahisi, na huficha mengi. Mtoto huandika: popo ni ndege. Hakukosa akili, amevigawa viumbe kwa kuruka na kutembea, na mgawo huo una maana yake. Sayansi imechagua kugawa kwa njia nyingine, kwa kuzaa na kunyonyesha na kuwa na manyoya ya namna fulani. Mwalimu akimwambia tu kwamba popo si ndege, mtoto atabadilisha neno na kubaki na mgawo wake. Akimwomba aandike badala ya ni sababu iliyomfanya aandike ni, mgawo wenyewe utajitokeza: popo huruka kama ndege. Kauli hiyo ni ya kweli. Mtoto amehama kutoka uongo mpaka ukweli bila ya kudharauliwa, na sasa kuna nafasi ya mstari wa pili: popo hunyonyesha kama paka.

Yupo atakayesema kwamba haya yote si mapya, na kwamba Socrates aliyafanya zamani. Katika maandishi ya Plato yaitwayo Meno, Socrates anamwita kijana mtumwa asiyesoma na kumwuliza jinsi ya kupata mraba wenye eneo mara mbili ya mraba uliochorwa mbele yake. Kijana anajibu kwa yakini kwamba kila upande uongezwe mara mbili. Anaonyeshwa kwamba mraba umekuwa mara 4. Anajaribu tena, anakosea tena. Mwishowe analipata jawabu, nalo ni mraba uliojengwa juu ya mstari ukatao pembe hata pembe. Socrates akajisifu kwamba hakumfundisha kitu, ila alimwuliza tu. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kwa mapenzi, na kila mara nasimama mahali pamoja. Ule mstari wa pembe hata pembe nani aliuchora? Socrates mwenyewe. Kijana aliitikia. Sisemi kwamba kuitikia ni bure, maana makosa yake mawili ya kwanza yalikuwa yake kweli, na ndiyo yaliyomfungua. Lakini katika saa iliyokuwa ya thamani kuliko zote chaki ilikuwa mkononi mwa mwalimu.

Basi nani ashike chaki? Jibu langu ni la kugawana. Mwalimu atoe majina ya vijiduara, kwa sababu majina ni amana ya jamii, na mtoto hawezi kuyazua neno gesi au neno mvuke kutoka kichwani mwake. Mistari na maneno yaliyo juu yake yawe ya mtoto. Akitaka kuacha kijiduara bila mstari na akiache. Ukimya wake ni habari. Mwalimu anayemnong'oneza mtoto kiungo ili ramani ipendeze machoni pa mkaguzi ameharibu kitu pekee ambacho ramani ilikuwa na uwezo wa kumwambia.

Kwa sababu hiyo hiyo nakhalifiana na Novak na Gowin katika shauri lao la alama. Katika kitabu cha 1984 walionyesha hesabu: kila kauli iliyo sahihi alama 1, kila daraja la mpangilio lililo sahihi alama 5, kila kiungo cha kukingama kilicho cha kweli na chenye uzito alama 10, kila mfano alama 1. Kwa mtafiti hesabu hii yafaa, maana hana budi kulinganisha. Kwa mtoto wa miaka 9 ni mtego. Akijua kwamba kiungo cha kukingama kina alama 10, atakingamisha mistari mpaka karatasi ifanane na wavu, na juu ya kila mstari ataandika neno hutegemea, ambalo halikosi kamwe kwa kuwa halisemi kitu. Tena atajua kwamba kauli asiyo na yakini nayo ni heri aifiche. Alama humfundisha mtoto kutenga anachodhani na anachoandika, na mtoto aliyekwisha jifunza utengano huo katika miaka yake ya kwanza ya shule huweza kuishi nao maisha yake yote, akawa mtu wa kauli mbili. Dhana ya kweli ya mtoto hailipwi kwa alama. Hutolewa kwa kuaminiana, au haitolewi.

Kuaminiana huko si jambo dogo katika watu wetu. Watoto wengi wamelelewa katika adabu ya kunyamaza mbele ya wakubwa, nayo ni adabu yenye uzuri wake, sitaki kuivunja. Lakini mwalimu akimwambia mtoto wa namna hiyo, chora unavyodhani, amemwomba ajifunue mbele ya mkubwa na mbele ya wenziwe. Mkubwa mwenye insafu hamwombi mdogo afanye jambo ambalo yeye mwenyewe hathubutu. Njia niionayo ni mwalimu kutangulia: achore ramani yake juu ya jambo ambalo hata yeye halijui vema, kama vile sababu ya bahari kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na aache mstari mmoja bila neno, aseme wazi: hapa sijui. Mwalimu mwenye kuhofu kwamba heshima yake itaanguka kwa hayo amewadhania watoto vibaya. Tena kicheko cha darasa kizuiwe kwa ukali kuliko kosa lolote la sayansi, kwa kuwa mtoto aliyechekwa kwa mti hula udongo hatachora tena la moyoni mwake.

Sasa naijua hoja itakayoletwa dhidi yangu, nayo ni nzito. Mzazi hakumpeleka mtoto shuleni ili akaambiwe kwamba dhana zake zimeheshimiwa, alimpeleka aelimishwe. Mtoto anayeachwa na kosa lake kwa jina la haki amedhulumiwa. Ni kweli tupu. Mwalimu ana deni la ukweli kwa mtoto, na deni hilo halifutwi na upole. Ninachokataa ni kulilipa deni hilo kwa kalamu nyekundu juu ya ramani. Kalamu nyekundu hubadilisha karatasi. Mwalimu na alete kitu chenye uwezo wa kuibishia ramani: kitawi cha nanaa katika chupa ya maji, kisicho na punje moja ya udongo. Baada ya majuma machache kimetoa mizizi na majani mapya. Mtoto aliyeandika mti hula udongo ana kazi mbele yake, na kazi hiyo ni yake. Pengine atafuta neno hula na kuandika hushika. Pengine ataandika kwamba mti hunywa maji tu, akawa ameanguka katika kosa la van Helmont. Mwalimu asisikitike. Mtoto amesafiri kutoka dhana ya wakale mpaka mwaka 1648 kwa majuma machache, na seredani ipo nyumbani kumngojea kwa safari iliyobaki.

Chombo hiki kina mipaka, na wapenzi wake hawaitaji mara nyingi. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt, wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, walitoa habari za majaribio yao katika jarida la Science. Wanafunzi wa chuo kikuu waliosoma maandishi ya sayansi na kuchora ramani za dhana huku maandishi yakiwa mbele yao walishindwa, baada ya juma moja, na wenzao waliosoma, wakafunga maandishi, wakaandika yote waliyoyakumbuka. Walishindwa hata pale mtihani wenyewe ulipokuwa kuchora ramani. Mwaka 2014 watafiti hao hao wakaonyesha kwamba ramani ikichorwa kutoka kumbukumbu, bila maandishi mbele, haipitwi na kuandika kwa mfululizo. Hao walikuwa watu wazima, wala sithubutu kupeleka hukumu hiyo kwa watoto bila ya tahadhari. Hata hivyo habari hii yakubaliana na niliyoyasema. Ramani iliyochorwa huku kitabu kimefunuliwa ni ya kitabu. Kitabu kikifungwa, mtoto hana pa kuchota ila kwake mwenyewe.

Kuna watu wanaotaka kazi hii ifanywe kwa kompyuta. Panama ilianza mwaka 2004 mpango wa serikali wa kuzipelekea shule za umma 1,000 ramani za dhana kwa kompyuta, ikitumia programu iliyotengenezwa na taasisi ya utafiti ya Florida. Siipingi, mistari hunyooka na vijiduara huhamishika bila kufuta. Lakini mwalimu asiye na kompyuta asijione fukara. Vipande vya karatasi vyenye majina, vilivyowekwa sakafuni na kuunganishwa kwa uzi, vinahamishika vile vile, na watoto 5 waweza kupiga magoti kuvizunguka na kubishana. Ubishi huo ni nusu ya somo.

Taabu iliyo kubwa zaidi ni idadi. Mwalimu mwenye watoto 60 au 80 katika chumba kimoja hawezi kusoma ramani zote jioni ile ile, na anayemwambia aweze hajapata kufundisha. Asome 6 leo na 6 kesho, akiwachagua wale wanyamavu kwanza. Ataona upesi kwamba dhana za watoto si nyingi kama watoto: udongo utajitokeza katika ramani nyingi, na kosa la wengi ndilo la kuletewa chupa ya nanaa. La mtoto mmoja peke yake laweza kuzungumzwa mlangoni wakati wa mapumziko.

Na ramani za zamani zisifutwe. Iliyochorwa mwezi wa Februari itiwe tarehe na kufungwa uzi pamoja na ya Septemba, bila ya neno la mwalimu juu ya yoyote kati ya hizo. Mwaka ukiisha mtoto apewe zote akaende nazo nyumbani, azitandaze sakafuni jioni, mama yake akichochea jiko, na akipenda amweleze kwa nini kijiduara cha udongo kimehama, na ule mstari mpya unaotoka katika mkaa na kupita hewani unakwenda wapi.